Kijiko Kimoja cha Siagi

Mimi sina subira na watu wa vipimo. Mdogo wangu alikuwa amebaki ngozi na mifupa, halafu daktari anasema asionje mafuta mpaka Alhamisi, siku ya kupasuliwa. Eti ana vijiwe kwenye kifuko cha nyongo.

"Mdomo unaweza kudanganywa, utumbo mwembamba haudanganyiki," alituambia mimi na wifi yangu. "Mafuta yakifika tu, unayatambua. Unatuma ujumbe kwenye damu, na kifuko kinajikamua kutoa nyongo. Kijiwe kikinasa mlangoni, tunaweza kumpoteza."

Wifi aliitikia kila neno. Mwanamke yule hata chumvi anapima. Nikajisemea moyoni, huyu atamuua kwa njaa. Uchungu wa mwana aujuaye mzazi, na mdogo wangu nimemlea mimi.

Jumanne mchana wifi akapika uji wake mweupe, akatoka kuanua nguo. Nikachota siagi kijiko kimoja, nikakoroga mpaka ikapotea. Mgonjwa alimaliza bakuli zima.

"Leo mke wangu kaamka vizuri," akasema. Nilifurahi, siwafichi.

Nikakaa namtazama. Alikuwa ananisimulia vituko vya kazini kwake, anacheka. Akanyamaza ghafla katikati ya maneno. Mkono ukaenda taratibu chini ya mbavu za kulia, ukabaki hapo. Jasho likaanza kumtoka usoni. Huko ndani, nisikoweza kufika kurudisha kijiko changu, siagi ilikuwa imeshatambuliwa.

Hospitalini daktari akauliza amekula nini.

"Uji mtupu," wifi akajibu huku analia. "Nimepika mwenyewe."

"Uji mtupu haumfanyi mtu hivi, mama. Uliweka nini?"

"Haki ya Mungu, sikuweka kitu!"

Nilikuwa nimesimama palepale. Nilijua ninachotakiwa kusema, na niliogopa.

Wakamlaza kwenye machela kumpeleka chumba cha upasuaji, siku mbili kabla ya siku yake. Mlangoni mdogo wangu akamtazama mkewe kwa macho ambayo sikuwahi kuyaona, kisha akanishika mkono.

"Nikitoka humu mzima," akasema kwa shida, "chakula changu asikiguse yule. Utanipikia wewe, dada."

Wifi alikuwa anasikia.

"Sawa, mdogo wangu," nikasema.