Shina Linalobaki

Asubuhi ya kugawana shamba la marehemu baba yao, Ikupa ndiye aliyetangulia kufika, kamba za migomba zimemzunguka kiunoni. Chai ya huko Kisondela imepandwa kwenye mteremko, kipande hiki kinono, kile mawe matupu, kwa hiyo kaka zake wanne walikataa kupima ardhi. Wakaamua kugawana mashina. Kila mstari uliohesabiwa ulifungwa kamba, na kwa kuwa Ikupa ndiye aliyeipogoa na kuipalilia chai hiyo tangu baba yao apooze, yeye ndiye aliyejua mistari inapoanzia. Alihesabu kwa moyo mweupe. Alijua fungu lake limo.

Jumla ilikuwa mashina elfu ishirini na saba mia saba ishirini na moja. Kwa watu wanne, likabaki moja. Na ndugu hawa, jamani! Shina moja liliwatosha kununiana mpaka msiba mwingine. Ambilikile, mkubwa wao, akaling'oa na kulichoma moto.

Kesho yake lilikuwa limerudi mstarini, majani yana umande. Wakang'oa jingine, nalo likarudi. Wakapanda matatu ili hesabu itimie. Kulipokucha hayapo, na udongo umesawazishwa vizuri. Ambilikile alisema mbolea ya mwaka huu ni kali, akaagiza mwalimu wa hesabu aitwe.

Mwalimu Hasheem, mtu wa Tanga, alipanda mteremko kwa bodaboda, akapiga hesabu kwa kijiti kwenye tope.

"Namba hii ndivyo ilivyo," alisema. "Gawanyeni kwa wawili, kwa watatu, mpaka kwa kumi na wawili. Kila mara litabaki moja."

"Na mkinihesabu mimi?" Ikupa aliuliza. "Tukiwa watano?"

"Kila mtu elfu tano mia tano arobaini na nne. Linabaki moja, dada."

"Mnaona?" Ambilikile alishusha pumzi. "Hata akiingia, hesabu haikai sawa. Sasa aingie kufanya nini?"

"Kaka, mimi sikuja kunyoosha hesabu. Nimekuja kuchukua fungu langu."

"Hilo linalobaki ni lako. Nani tena atasema tumekunyima?"

Kaka wengine wakapiga makofi. Mwalimu Hasheem alitazama viatu vyake, akasema kihesabu ni sahihi. Ikupa alilia palepale, kwa sauti, na hakuna aliyemwambia nyamaza. Walikuwa wanafungua kamba.

Tangu siku hiyo hakuna shina lililorudi wala kupotea. Siku za kuchuma, Ikupa huanza na lake, lililo ukingoni mwa korongo. Majani yake hujaza kiganja, na karani wa mzani hapimi kiganja. Basi huyatia mfukoni, akavaa kikapu mgongoni na kuingia mistari ya Ambilikile, ambako amechukuliwa kibarua. Jioni Ambilikile humsifu mbele za watu, kwamba hakuna anayeijua chai hii kama dada yake.