Baiskeli Inayozimika Barabarani Tu

…na hilo ndilo sijawahi kulipatia jibu tangu nilipoolewa katika nyumba hii, ni kitu gani hasa ambacho mtu huyu aliwahi kukitengeneza kikatengenezeka, hata watu wazima na akili zao wakakubali kumwita Injinia, nimeuliza kwa mzaha, nimeuliza kwa dhati, mume wangu akasema ah, la ndugu yangu huyo ni jina la utotoni tu, dada yao akasema aliwahi kufungua redio ya baba yao, haya, alifungua redio, na kuifunga je, hapo kila mtu anakumbuka ana sufuria jikoni… “Inua kidogo, shemeji, hapo hapo, usitingishe,” ananiambia, nami nainua, nimeshika tandiko la baiskeli yangu ya umeme kwa mikono miwili kama anayemzuia mbuzi asikimbie, gurudumu la nyuma liko hewani, yeye amechuchumaa ubavuni na bisibisi mdomoni, ananyonga kishikio cha umeme na gurudumu linazunguka, vriiii, safi, halikohoi wala halisiti, kisha anatoa bisibisi mdomoni na kuitazama hadhira yake, maana hafanyi kitu bila hadhira, mama mkwe wangu kwenye kiti chake mlangoni, mume wangu ameegemea ukuta wa ua, “Mnaona wenyewe? Haina ugonjwa,” anasema, haina ugonjwa, naam, jana hiyo isiyo na ugonjwa ilinizimikia katikati ya mzunguko wa barabara, magari kushoto, magari kulia, nikakanyaga pedali zikawa nzito kama nasukuma kabati, taa za betri zote zimekufa, nikayumba, nikaangukia goti, na nyuma yangu lori likafunga breki mpaka nikasikia harufu ya matairi, dereva akatoa kichwa dirishani, “Mama, umechoka kuishi?” nami nimekaa chini na begi langu la bandeji kifuani nimelikumbatia, na nilipoinuka nikabonyeza kitufe, taa zikawaka, zote, kama mtoto aliyevunja chungu halafu anakuangalia kwa macho maangavu… “Mimi nilishasema,” Injinia anaendelea, anazungumza na mama yake lakini maneno ananitupia mimi, “vyombo hivi vinajua mkono. Ukiviendea kwa pupa vinasusa,” kwa pupa, mwanzoni zilikuwa breki, akazifungua akazifunga, kisha betri ilikuwa bado haijazoea hali ya hewa, betri, hali ya hewa, kisha ikawa mota inapata joto, na sasa tumefika kwangu, mkono wangu, pupa yangu, na ukimwacha aendelee wiki nyingine atagundua kwamba kosa ni la ukoo wangu, yaani kama mimi nikiletewa mgonjwa anayeanguka kila akipanda mlima, nikamlaza kitandani, nikamsikiliza moyo akiwa amelala kwa raha zake, nikawaambia ndugu zake mchukueni, mzima kabisa huyu, si wangenivua gwanda la uuguzi pale pale, lakini yeye anaipima baiskeli ikiwa imebebwa, haina mzigo, haina mlima, haina shimo hata moja la barabarani, na anaipasisha, kila mara anaipasisha, nami kila mara naondoka hapa nikipungiwa mkono na nazimikiwa kabla sijafika kwa mgonjwa wa kwanza… “Basi ile nafasi ya mapokezi aichukue,” mama mkwe anasema, hapandishi sauti, hajawahi kupandisha sauti, “kuna feni, kuna kiti, unaandika majina ya watu, saa ya kurudi unarudi. Mimi roho yangu itatulia,” roho yake itatulia, na yangu nani kaiuliza, msimamizi wangu anataka jibu leo, nibaki na wagonjwa wa majumbani au niingie mapokezi, na akasema wazi, kwa upole lakini wazi, siwezi kukuacha kwenye orodha ya majumbani kama hufiki, watu wanakaa na vidonda vimefungwa tangu juzi, na ni kweli, yule mwalimu mstaafu mwenye kidonda cha mguu, anayekataa kufungwa na mtu mwingine, anayenisomea magazeti ya zamani nikimsafisha ili asisikie maumivu, sasa hivi amenyoosha mguu juu ya stuli anasikiliza kengele ya baiskeli yangu, nami niko hapa nimeshika tandiko, na mume wangu je, mume wangu anasema nini, “Tutaangalia,” anasema, asante, tutaangalia, neno hilo analo tangu nimjue, paa likivuja tutaangalia, mwenye nyumba akija juu tutaangalia, naamini siku ya harusi yetu walipomuuliza kama amekubali aliangalia kwanza, na anaangalia kweli, tatizo si kwamba anadanganya, anaweza kuegemea ukuta na kuangalia mpaka ukuta ndio uchoke… “Naizungusha tena, shemeji, shikilia,” vriiii, na Injinia anajifuta jasho kwa kile kitambaa alichokitupia begani, anajifuta paji la uso, shingo, anakirudisha begani kama mhudumu wa hoteli, kitambaa cheupe cha kufuma chenye maua ya buluu, koti la betri, maana katika nyumba hii hakuna kitu kinachoachwa uchi, televisheni ina chake, redio ina chake, friji, viti vyote mgongoni na mikononi, mtungi wa maji una sketi, mama mkwe anafuma, akimaliza anavisha, na baiskeli ilipofika akaizunguka akaona betri inachungulia pale kwenye chuma cha katikati bila nguo, akaifumia koti lenye pindo nene chini, maua matano ya buluu kwenye pindo, rangi ya gwanda langu, alisema, ili vifanane, nami nikashukuru na kucheka peke yangu chumbani, na tangu hapo kila asubuhi naivisha betri nguo na kuisukumiza kwenye kitako chake na ufunguo wa kuifungia unazunguka kwa shida, kwa shida, tangu hapo ndio unazunguka kwa shida… ngoja. Ngoja kwanza. Kabla ya koti ufunguo ulikuwa ukizunguka kwa kidole kimoja. Na Injinia kila akija jambo la kwanza anavua koti, analitupia begani, anaisukuma betri wazi, inakaa, gurudumu linazunguka, anasifiwa, halafu kwa heshima ya mama yake anaichomoa betri tena, anaivalisha, anaikandamiza na lile pindo limekunjamana chini yake kama soksi ndani ya kiatu, na betri inakaa nusu, inagusa nusu, inatosha hapa uani, inatosha kwenye lami laini, mpaka shimo la kwanza, mpaka mzunguko wa barabara… Maua. Nusura lori lile linimalize kwa maua matano ya buluu. Ninataka kucheka, kicheko kinalitikisa tandiko, “Usitingishe, shemeji!” sitingishi, shemeji, tulia, nakuandalia kitu, nawaandalia nyote, nitaliweka tandiko chini taratibu, nitalichukua hilo koti begani kwako kwa vidole viwili, nitalinyoosha hewani kila mtu alione, nitasema mnaona wenyewe? Nitasema mafundi wakubwa, mmepima breki, mmepima mota, mmenipima mpaka mimi, kumbe ugonjwa mmeufuma kwa mikono yenu, na nitamgeukia yule mama pale mlangoni, nitasema Mama, ulitaka nikae mapokezi roho yako itulie, basi… na hapo naisikia sauti, ninaisikia kichwani jinsi itakavyotoka, na ile “mnaona wenyewe” si yangu, ni yake huyu aliyechuchumaa, mpaka ile kugeuka kutafuta macho ya watu ni yake, kumbe nimekaa nao miaka nikiwadharau na dharau nimejifunzia kwao, au nilikuja nayo, sijui, si jambo la kuamua nimeshika baiskeli… “Koti lisichafuke, we Injinia,” mama mkwe anasema, “yale maua yalinitesa, kidole hiki hakikunji tena,” anakinyoosha, kile cha shahada, kimevimba kwenye kiungo, mimi mwenyewe ndiye ninayekipaka dawa, na alikuwa akifuma nacho maua ya rangi ya gwanda la mke wa mwanawe, ambaye hataki aende barabarani, hataki kabisa, na bado alifuma, sasa nikilisema neno hili mbele ya wanawe atajua kwamba jana aliniweka chini ya lori kwa mkono wake, na atalijua kila akishika sindano, na nisipolisema kesho asubuhi litavishwa, na nitakwenda kuandika majina ya watu chini ya feni, hapana, hilo hapana, koti halirudi pale, leo halirudi, lakini kwa njia gani, nikisema limebana atasema atalipanua, nikisema nalitaka kwa meza yangu ya dawa atafuma jingine jioni hii hii, na huyu bwana tayari ameichomoa betri, anaitoa nguo begani, anaipeleka… “Lete hiyo,” mume wangu anasema, sikumwona akitoka ukutani, ameshalichukua, anakunja pindo kwa dole gumba, analiangalia lile pindo, kisha ananiangalia mimi, kwa muda kidogo tu, na mimi nayajua macho yale kama ninavyojua mlango wa nyumba yangu, ameona, sijui ameona sasa hivi au ameniona mimi nikiona, “Mama, huyu ameshajifutia jasho humu,” anasema, “na mvua hizi zinalimaliza. Kazi ya vidole vyako haiendi barabarani kupigwa tope. Hili la sebuleni,” na mama anacheka, “Lini wewe ukajali vitambaa?” “Leo,” anasema, na Injinia anafungua mdomo, “Lakini vumbi, kaka, betri ikiingia vum…” “Vumbi litakuwa langu, nitalifuta mwenyewe,” hapandishi sauti, ameurithi kumbe ule upole wa mama yake, analikunja lile koti mara nne maua yakiwa ndani, analiweka mapajani kwa mama yake, anaichukua betri, anaishusha kwenye kitako chake wazi, anaikandamiza kwa kiganja, na ikalia, ta, mlio mdogo ambao sijausikia tangu baiskeli ilipokuwa mpya, akauzungusha ufunguo kwa kidole kimoja, “Jaribu tena,” anamwambia ndugu yake, na gurudumu linazunguka hewani kama lilivyokuwa likizunguka, hakuna aliyeona tofauti, Injinia anaipasisha, mama anaguna kidogo akilinyoosha koti gotini, tayari anatafuta kwa macho litakapokaa, na mimi bado nimeshika tandiko, na jibu la msimamizi nimekwisha kuliamua, ni majumbani, ninabaki majumbani, lakini lililoniwezesha, kuliondoa koti, nililiamua mimi na akalitenda mume wangu, na alilitenda bila kumdhalilisha hata mtu mmoja, jambo ambalo mimi, kwa akili yangu yote, nilikuwa bado nalitafutia maneno.