Lebo Iliyobaki

Kwa miaka ishirini Shangazi aliandika kwa mkono vipimo vya dawa katika duka lake. Mpwa wake akaja na programu aliyoitunga mwenyewe, akamnyang'anya kalamu.

"Pitisha kopo kwenye skana, printa itatoa lebo. Wewe bandika tu."

"Na ikikosea, baba?"

"Nimeiandika mimi, Shangazi, si mlevi wa kilabuni!"

Jina la dawa hakuliweka. Aliona linaharibu sura ya lebo. Kilibaki kipimo peke yake, kwa herufi kubwa za kupendeza.

Jumamosi asubuhi, duka likiwa limefurika wateja, karatasi ya printa iliisha kabla lebo ya kopo moja haijatoka. Shangazi akaweka nyingine, akapitisha kopo lile lile mara ya pili. Printa ilikuwa bado inalishikilia agizo la kwanza, hivyo ikatoa lebo mbili. Moja akaibandika. Ya pili ikamwangukia mteja aliyefuata, na ya huyo ikaenda kwa mwingine, hivyo hivyo hadi saa kumi, walipofunga na lebo moja ikabaki haina kopo.

Mpwa alipoiona, alitoa orodha ya wateja wa siku hiyo. Wakagawana majina, wakakimbia nyumba kwa nyumba.

Mlango wa mwisho wa mpwa ulikuwa wa mshonaji, aliyenunua dawa ya presha ya kumeza kidonge kimoja kwa siku. Mumewe alifungua.

"Karibu, kijana. Amelala tangu saa nane, namwamsha haamki. Na dawa amekunywa vizuri kabisa, vidonge vitatu kila baada ya saa nne, kama mlivyoandika."

Akamwonyesha kopo. Herufi zilisomeka kutoka mlangoni.