Kisiki cha Mtundu

Maximilian alikuwa katekista wa kigango, na kwake hakuna kitu kilichobaki kuwa kitu tu. Kichuguu kilikuwa ishara. Bata akivuka njia, ishara. Emerensiana, mjane wa mdogo wake, alishasema kwamba huyu shemeji akishikwa na tumbo atatafuta fungu la Biblia kabla ya kutafuta choo.

Mwaka huu ishara ilikuwa upinde wa mvua. Ulisimama juu ya mashamba ya Kabungu baada ya mvua mbili za haraka za mwanzo wa Novemba, na Maximilian akapita nyumba hadi nyumba kuhimiza watu wapande, Mungu ameshaweka agano. Wengi walimjibu vizuri, wakampa maji ya kunywa, majembe wakayaacha yalipo. Emerensiana alipanda. Mahindi yakatoka, yakafika urefu wa kidole, kisha mbingu zikafunga wiki tatu na shamba likawa nyasi za kuwashia moto.

Ndiyo maana Jumamosi hiyo asubuhi, alipomwona shemeji anaingia uani, hakuacha alichokuwa akifanya. Alikuwa amepanda kigoda anashusha mahindi ya mbegu ya mwisho, yaliyoning'inia juu ya jiko yakila moshi tangu mavuno. Yakienda mashineni, yeye na watoto wangekula wiki mbili. Yakienda ardhini na mvua ikakataa tena, basi chakula hakuna na mbegu hakuna.

Maximilian akayaona mahindi kwenye kikapu, akaanza. Akamwonyesha milima kule mbali, ilivyo palepale tangu enzi za mababu, na aliyeiweka ni yuleyule.

"Milima haisongwi ugali, shemeji."

"Na lile agano?"

"Lile lilikuwa la kutotuangamiza kwa maji. La jua hakusema. Kasome vizuri."

Emerensiana akajitwika kikapu, akamwambia amfuate. Mashine iko ng'ambo ya shamba, na leo na yeye ana ishara za kumwonyesha. Akampitisha mstari kwa mstari, akimtajia kila shimo kama anayesoma majina ya marehemu. Mwishowe Emerensiana akamuuliza mahindi yake ya mbegu yamebaki mangapi.

"Hakuna. Nilipanda yote siku ileile," akasema. "Na leo siku ya nane mke wangu hanisemeshi."

Emerensiana akageuka upesi asije akamcheka mtu mzima usoni. Hapo ndipo alipokiona kisiki.

Alikuwa na ugomvi nacho tangu alipoolewa. Marehemu mumewe aliukata mti wenyewe, ule wa miombo uitwao mtundu, akakichoma kisiki, akakichoma tena. Yeye mwenyewe alikirundikia mabua akawasha moto, na mwezi uliopita tu, akisafisha shamba, alikichonga hadi usawa wa udongo na kikamvunjia mpini. Sasa, katikati ya vumbi kama majivu, kilikuwa kimetoa machipukizi. Majani mekundu machanga, yanang'aa kama yamepakwa mafuta, na mvua hakuna. Akavunja kichipukizi kimoja kwa hasira. Kikamlowanisha vidole.

Maximilian akavuta pumzi, akafungua mdomo.

"Nyamaza," Emerensiana akamwambia. "Hiki nimekiona mwenyewe."

Na hilo ndilo lililomuudhi. Kama ingekuwa milima, angeipa mgongo. Lakini hiki alikipiga kwa mikono yake, akakichoma, akakitukana, na kila mwaka kilirudi bila kinyongo, kabla hata ya wingu. Ukishakiona kitu kama hicho huwezi kujifanya hukukiona, hata ukitaka.

Akatua kikapu, akakaa chini, akaanza kupukuchua. Punje zikagawanyika mafungu mawili juu ya khanga: moja la mashine, moja akalisukuma upande wa kisiki. Fungu la mashine lilikuwa dogo.

"Kalete jembe lako," akasema. "Utachimba wewe. Na leo usinihubirie."

Alichimba hadi jua likawa utosini, mashimo marefu kuliko kawaida, na mdomo wake ulifunguka mara moja tu, alipotaka maji. Walipofika kwenye kisiki, akainua jembe juu yake kwa mazoea.

"Kizunguke," Emerensiana akamwambia.

Juu hapakuwa na wingu hata la kusingizia. Emerensiana akafukia shimo la mwisho kwa kisigino, akakitazama kisiki kwa jicho la mtu aliyeshindwa ugomvi lakini hana nia ya kuomba msamaha.