Marehemu wa Kidato cha Pili

Jumatatu asubuhi mwalimu wa darasa alikuwa anaita majina ya Kidato cha Pili, ndipo binti wa mshonaji, aliyezikwa Alhamisi, akaingia. Alisema, "Shikamoo, mwalimu," akaketi dawati la tatu karibu na dirisha, akatoa daftari. Mwalimu aliongeza jina lake chini ya orodha kwa kalamu ya risasi.

Miaka mitatu nyuma alifukuzwa kwa sababu ya mimba. Alihamia kwa mwenye duka la simu, mtu wa umri wa baba yake, ambaye alijua anaishi na virusi na hakusema. Binti aliambiwa kliniki kwamba naye anavyo. Alianza dawa, mtoto akazaliwa salama. Kisha bwana akawa anazitupa dawa hizo chooni, majirani wasije wakamsema.

Mwalimu mkuu alisoma kanuni za shule ukurasa kwa ukurasa. Wenye mimba walikatazwa. Marehemu hawakutajwa.

"Basi asome," alisema.

Mshonaji alimletea ofisini sare aliyoipunguza kiunoni, maana mwanawe alikuwa amekonda sana.

"Mwalimu, nilipiga magoti hapa hapa," alisema. "Nilikuomba arudi akishajifungua."

"Mama, wakati ule alikuwa hai."

Mshonaji aliiweka sare mezani, akaipapasa mikunjo. Kisha akapita dirishani kwa binti yake.

"Umekula, mwanangu?"

"Sisikii njaa, mama. Mtoto hajambo?"

"Hajambo. Anamwita kila mwanamke mama."

Binti aliinamia daftari. Muhula huo walifika mada ya virusi, ambayo mwaka ule alifukuzwa kabla haijafundishwa. Aliinakili yote, pamoja na michoro. Mwalimu wa baiolojia alimsifu kwa mwandiko.

Mwezi wa tisa, msichana aliyekaa naye dawati moja alianza kutapika asubuhi. Ijumaa akapewa barua ya kufukuzwa. Marehemu alimbebea mkoba hadi getini.

"Unakwenda wapi?"

"Kwake aliyenipa mimba. Nyumbani baba kanifungia mlango."

"Ameshapima?"

"Nitamwulizaje, dada? Ndiye anayenipa pa kulala."

Marehemu alimshika mkono. Msichana alisema mkono una baridi, lakini hakuutoa. Mlinzi aliwasubiri kidogo, kisha akafunga geti baina yao. Kengele ikalia. Marehemu akarudi darasani, kipindi cha hesabu kilikuwa kimeanza.