Nilimwambia Jumamosi

Mimi ni Mhehe, na hasira za Mhehe hazihitaji kutangazwa. Ila za wiki hii zote ni juu yangu mwenyewe, kwa hiyo yeyote atakayenisogelea avumilie tu.

Lilianza kama jambo zuri. Mwezi wa saba Dodoma kumekauka, upepo unavuma kutwa, vumbi liko puani mpaka kwenye mswaki. Nikawaambia wenzangu, jamani, twendeni kwetu tukapate ubaridi wa kweli. Ijumaa tulale Iringa mjini. Jumamosi twende Mafinga, tutembee kwenye mashamba ya chai kule Mufindi. Jumapili tupande Kilolo kwa mama yangu, tuote moto jikoni na viazi vya kuchemsha mkononi. Kipupwe cha kule si mchezo. Asubuhi nyasi zinakuwa nyeupe kwa umande ulioganda, na ukifungua mdomo tu unatoa moshi kama treni.

Wote wakashangilia. Wote ni watatu: Masudi mwenye gari, Shamila mkewe, na Dorkasi. Tulisoma pamoja Chimwaga, tukamaliza chuo, tukabaki mjini hapa kwa ajili ya kazi. Dorkasi nililala naye chumba kimoja miaka yote ya chuo. Ni Mgogo wa Mpwapwa, na ni mtani wangu.

Mtani hasa, si wa kujipachika. Mababu zetu walipigana mpaka wakachoka, wakatuachia matusi. Siku ya kwanza alinikuta nafungua begi bwenini, akaniuliza mbwa wa kula njiani, maana Wahehe tunasemwa tunakula mbwa, nimemmaliza au nimembakizia na yeye. Nikamwambia Mgogo hajasalimia lakini tayari anaomba. Tukacheka mpaka mlezi wa bweni akaja kugonga mlango. Tangu siku hiyo sikumbuki kama tumewahi kusalimiana kwa adabu. Baba yake alipofariki, mimi ndiye niliyelala kaburini mbele ya waombolezaji nikagoma kutoka mpaka nilipwe kuku, kama mtani anavyotakiwa, na katikati ya kilio chake Dorkasi akacheka. Mtu akikutukana hivyo na usikasirike, ujue ni ndugu yako.

Sasa, Dorkasi ana sikoseli, ule ugonjwa wa damu wa kuzaliwa nao. Baridi ikimwingia, mifupa inamuuma mpaka anashindwa kusema. Mwaka jana msimu kama huu alilazwa, tukapokezana kukaa naye wodini. Kwa hiyo jioni moja, Dorkasi hayupo, Shamila akauliza polepole, na Dorkasi je? Masudi akasema akizidiwa kule milimani safari imekwisha, tutaishia kutafuta hospitali tusizozijua. Nikasema kweli, kwa afya yake ni bora abaki. Tukaitikiana kwa huruma nyingi sana. Hakuna aliyesema lile lililokuwa moyoni, kwamba tulikuwa tumechoka kumuuguza na tulitaka kustarehe. Na hakuna aliyefikiria kumuuliza mwenyewe.

Shamila akanigeukia. Akasema mwambie wewe, mtani wako, wewe ndiye unayejua kumwambia bila kumuumiza.

Nikaenda kwake Kizota, na maneno nimeyapanga vizuri njiani: mdogo wangu, afya kwanza, safari zipo. Nikamkuta anaanua nguo. Kabla sijabisha hodi akapaza sauti, funga kuku ndani, Mhehe kaja na njaa yake. Loo, mdomo wangu ukanisaliti. Badala ya yale niliyoyapanga nikamjibu kwamba safari ya kwetu Wagogo hatuchukui, abaki na mlenda wake. Niliona nimeupata ujanja: nimesema lile nililotumwa, tena kwa lugha yetu. Woga tu, hakuna kingine.

Dorkasi alicheka mpaka akashika kamba ya nguo. Kwake yeye nilikuwa nimemkaribisha. Akanivuta ndani anionyeshe koti alilochagua mtumbani Sabasaba, zito, la magotini, lina kofia yake. Akaniambia amemwona daktari wake wa kliniki na amempa ruhusa: avae vizuri, anywe maji mengi, asijichoshe, dawa zake asiache. Alikuwa na furaha kama mtoto anayeshonewa nguo ya Krismasi. Miaka yote ananisikia nikimsifia kwetu, akasema, na hajawahi kukanyaga.

Ningefurahi, si ndiyo? Sababu yetu nzuri ilikuwa imekufa pale pale. Lakini nilitoka nimenuna. Nikampigia Shamila, na Shamila akasema daktari siye atakayekesha naye. Hilo nalo lilinikera, na kilichonikera zaidi ni kwamba na mimi nilikuwa nafikiri hivyo hivyo.

Siku mbili baadaye nikampigia Dorkasi simu, nimekaza moyo.

"Dorkasi, sikutanii. Hatuendi na wewe."

"Sikutanii," akaniigiza kwa lafudhi ya Kilolo. "Mtani asiyetania si mchawi huyo? Hebu niambie, tunaondoka lini?"

Ningeweza kurudia. Ningeweza kuapa, kulia, kumpa simu Masudi. Utani ulikuwa umenifungia mlango na mimi mwenyewe ndiye niliyeusukuma.

"Jumamosi," nikamwambia. "Jumamosi asubuhi, tunakutana kwangu."

Tulikuwa tunaondoka Ijumaa.

Wahenga walisema njia ya mwongo ni fupi, na yangu ilikuwa fupi kweli. Ijumaa Masudi alitoka msikitini, akaja na Shamila kunichukua. Tukapakia mablanketi, jiko dogo, chupa za chai. Hatujatoka kwenye mtaa wetu, mbele nikamwona mtu anakuja kwa miguu na begi mkononi, amevaa koti zito jua likiwa utosini. Dorkasi. Alikuwa anakuja kulala kwangu ili kesho asitucheleweshe.

Nikainama. Mtu mzima mimi, nikajikunja kwenye siti ya nyuma nikijifanya nafunga kiatu, na nilikuwa nimevaa ndala. Shamila alimwona, najua alimwona, maana alianza kutengeneza mtandio wake ambao haukuwa na tatizo lolote. Masudi alitazama barabara. Tukampita.

Nje ya mji wakaanza kuongea juu ya baridi, nani kaleta soksi nyingi, nani atakayeamka kuwasha moto. Mimi nilikuwa namwona Dorkasi yuko mlangoni kwangu anabisha hodi, halafu mama mwenye nyumba anamwambia, mbona wameondoka sasa hivi? Shamila alinipa chai nikaikataa. Akaniuliza nina nini. Nikamjibu vibaya, nikamwambia anajua fika nina nini. Tulipofika kituo cha mafuta nikamwambia Masudi ageuze gari. Akasema tutafika Iringa giza limeingia. Nikamwambia ageuze au nishuke nirudi kwa bodaboda, na mengine ambayo nimekwisha kumwomba radhi. Akageuza.

Tulimkuta amekaa kibarazani na mama mwenye nyumba, koti lake amelikunja mapajani. Alipotuona akasimama. Nikashuka haraka, nikacheka kwa nguvu, nikamwambia Mgogo gani huyu anavaa koti juani, Wagogo wenzake wakimwona watafikiri ameiba. Yeye akawageukia wenzangu, akawapa pole ya safari, akamuuliza Shamila habari za watoto. Shamila akamwambia aingie, nafasi ipo. Akashukuru, akasema asingependa kuwachelewesha, barabara ni ndefu na usiku si mzuri kuendesha.

Nikaona bora niseme yote. Nikaanza kumwambia kwamba nilidanganya, kwamba tulimwogopea afya yake, halafu nikajisahihisha, nikasema hapana, tulijifikiria sisi. Alinisikiliza bila kunikatiza, na mtu huyu tangu nimjue hajawahi kuniacha nimalize sentensi.

"Nilikuona ukiinama," akasema. "Nilicheka. Nilisema huyu Mhehe ananitania, sasa hivi watasimama. Nikasimama pale barabarani nawasubiri."

Mama mwenye nyumba akaingia ndani. Masudi alikuwa anatazama funguo zake. Nikamshika Dorkasi mkono, machozi yananitoka, na wala sikuona aibu.

"Nitukane," nikamwambia. "Nakuomba, Dorkasi. Nitukane."

Akautoa mkono wake taratibu, akaokota begi.

"Nikutukane kwa nini?" akasema. "Mimi na wewe hatujazoeana kiasi hicho."