Urefu wa Mama wa Kitanda cha Nne

Tangu saa nne asubuhi daktari kijana hakai, hatulii. Akitoka kitanda cha pili anarudi cha nne, akitoka cha sita anarudi cha nne. Muuguzi wa zamu, aliyebandikwa jina la Sista Redio kwa kuwa hazimiki, uzalendo ukamshinda.

"We dokta, umeangusha nini hapo? Sema tukusaidie kutafuta."

"Mapafu yake yamekaza, Sista. Shinikizo la hewa kifuani ni thelathini na nne, na halitakiwi kupita thelathini."

Aliyelala pale ni mama mnene, nimonia imemshika mapafu yote mawili, mashine inampulizia pumzi kupitia mpira kooni. Kila pumzi ilikuwa mililita mia tatu na sabini, na hesabu hiyo aliipiga daktari mwenyewe alfajiri. Alijua fika kwamba pumzi ikizidi kiasi, mapafu yenye ugonjwa hutanuka kupita uwezo wake na kuumia zaidi, kidogo kidogo, mbele ya macho ya watu. Akakagua mpira, haukujikunja. Akasikiliza kifua, hewa inaingia pande zote mbili. Sababu hakuiona.

Akaitwa mlangoni. Binti wa mgonjwa alitaka habari.

"Nimechungulia kwenye kioo, dokta. Mama kamezwa na kile kitanda! Nyumbani hata swichi ya taa anaifikia kwa kunyanyua visigino. Tunamwita Nusu Mlango, na mwenyewe anacheka."

Daktari akaikumbuka fomu aliyoijaza alfajiri.

Kwenye fomu alikuwa ameandika sentimita mia na sabini. Hakupima. Katika wodi ile, kila mgonjwa aliyeletwa amelala aliandikiwa mia na sabini. Ndivyo alivyoelekezwa siku ya kwanza, naye akafuata bila kuuliza. Na kiasi cha pumzi hupangwa kwa urefu, kwa sababu mtu akinenepa mapafu hayanenepi naye.

"Samahani, dada, nakuja," alisema, tayari amegeuka.

"Sista, utepe wa kupimia!"

"Unamshonea gauni?"

"Nampima urefu."

Utepe ulipatikana wodi ya watoto. Wakamnyoosha mama taratibu, wakapima kuanzia utosini hadi kisiginoni. Mia na arobaini na nane. Sista Redio akazimika.

Daktari akampigia simu daktari bingwa.

"Bosi, nimekosea. Urefu wa kitanda cha nne niliuandika bila kupima. Nilimpa mia na sabini, kumbe ni mia na arobaini na nane. Naomba nishushe pumzi hadi mia mbili na hamsini."

"Na kaboni dioksidi ikipanda?"

"Naongeza idadi ya pumzi, kutoka ishirini hadi ishirini na nane kwa dakika. Nahakikisha kila moja inatoka yote kabla ya nyingine kuingia. Baada ya nusu saa napima damu."

"Fanya sasa hivi. Kukugombeza kutasubiri."

Akazungusha kitufe. Shinikizo likashuka: thelathini na moja, ishirini na nane, ishirini na sita. Nusu saa ile aliimaliza kwa miguu, dirishani na kurudi. Majibu ya damu yakaja: kaboni dioksidi imepanda, lakini kwa kiasi kinachovumilika, oksijeni haijayumba.

Angeweza kuishia hapo. Akaenda mlangoni.

"Dada, tangu alfajiri mashine ilikuwa inampa mama pumzi kubwa kuliko mapafu yake. Kosa ni langu, sikumpima. Sasa tumerekebisha. Bado ni mgonjwa sana, siwezi kukuficha."

Binti alimkazia macho, machozi yakimlengalenga.

"Imemuumiza?"

"Sijui. Huenda. Nitakuwa naye mchana kutwa."

Binti akajifuta uso kwa kiganja, akatazama tena kwenye kioo, safari hii vitanda vyote sita.

"Na hao wengine mmewapima?"

Daktari akasukuma mlango, utepe mkononi, akaanza na kitanda cha kwanza.